Kiti cha Kinyozi: "Nitajie wembe mmoja tu usionichoma shingo"

*Shikamoo Mzee Kinyozi. Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, nina miaka 27. Kila siku kabla ya kupangiwa lindo msimamizi anatupitia mmoja mmoja, na mwenye ndevu anarudishwa nyumbani bila posho ya siku hiyo. Kwa hiyo nanyoa kila siku. Shingo yangu sasa imekuwa kama ganda la fenesi. Nilianza na nyembe za plastiki za kutupa, nikahamia ile ya nyembe tatu ambayo muuza duka aliniapia kuwa ni ya ngozi laini, na sasa nanyoa na kiwembe kitupu kwa mkono na sabuni ya mche. Nimepaka limao, spiriti, hata dawa ya meno. Kola ya sare ina madoa ya damu, na mchumba wangu ameniuliza kama huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Naomba unitajie wembe mmoja tu ulio mzuri. – Askari wa Lindo, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya wembe nianze na mchumba wako, maana naona hilo linakuuma kuliko shingo yenyewe. Mwambie vipele vya ndevu haviambukizi. Havitokani na uchafu, wala havihusiani na ugonjwa wa zinaa. Ni nywele zako mwenyewe zinazorudi kukuchoma. Akitaka ushahidi, mkae dirishani mchana mwangalie pamoja: katikati ya vipele vingi mtaona unywele mweusi umejikunja chini ya ngozi kama kamba ndogo.

Nimenyoa watu miaka 31 hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza chini ya mwarobaini, kiti kimoja, kioo kimeegemezwa kwenye shina. Shingo kama yako nimeziona nyingi sana, na moja niliiona kila asubuhi kwenye kioo hicho hicho, yaani yangu. Kwa hiyo ninayokuandikia mengine nimeyajua kwa mikono na mengine kwa ngozi.

Ndevu zetu wengi hazichipuki zimenyooka. Hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Unapoukata unywele wa namna hiyo, unabaki na ncha kali kama mwiba wa mchongoma. Ukiendelea kukua unajipinda, unarudi chini, unatoboa ngozi upya milimita chache kutoka ulipotokea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hautoki nje kabisa, unatoboa ukuta wa kishimo chake humo humo ndani. Mwili unauona kama mwiba ulioingia kutoka nje, unaupigania, na pale panavimba, panawasha, panatoa usaha, halafu panabaki doa jeusi miezi na miezi.

Sasa utaelewa kilichonipata mwaka 2009. Mpwa wangu alirudi likizo kutoka Maskati akaniletea zawadi, mashine ya nyembe tano, nzito mkononi, ina utepe wa mafuta juu yake. Nikanyoa Alhamisi usiku kwa ajili ya Ijumaa. Uso ukawa laini kama yai lililomenywa, mke wangu akasifu. Jumapili shingo ilianza kuwasha. Jumatano nilikuwa nimejifunga kitambaa shingoni nikiwanyoa wateja, na mteja mmoja akanyanyuka kitini taratibu akasema atarudi kesho. Hakurudi. Nami nilikuwa nimenyoa vizuri kuliko siku yoyote maishani mwangu!

Ilinichukua muda kujua kuwa ule uzuri ndio ulioniumiza. Katika mashine ya nyembe nyingi, wembe wa kwanza unaunasa unywele na kuuvuta juu kidogo unapoukata. Kabla haujarudi, wembe wa pili umeshaufikia na kuukata chini zaidi, na wa tatu vilevile. Ukiachiwa, unywele unarudi ndani ya ngozi, chini ya usawa. Kampuni ya Gillette, iliyopata hataza ya mashine yake ya wembe mmoja mwaka 1904, ilitoa ya nyembe mbili mwaka 1971, ya tatu mwaka 1998, na ya tano mwaka 2006. Kila hatua lengo lilikuwa kukata karibu zaidi na ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka anafaidika, kwa kuwa unywele wake utatoka tena kwa njia ile ile. Wewe na mimi tunalipia pesa nyingi kupanda miba.

Kwa hiyo muuza duka hakukudanganya kwa kusudi. Ule utepe wa mafuta na maandishi ya "ngozi laini" yanasaidia mtu ambaye ngozi inakauka au inawaka kwa msuguano. Lakini tatizo lako ni urefu wa unywele unaobaki. Wembe utakaokufaa ni ule unaokuacha na ukwaru kidogo. Ukipitisha kiganja kuanzia sikioni kuja kidevuni usihisi kitu, na ukirudisha kinyume uhisi kama msasa mwembamba. Huo msasa ndio afya yako. Mtu akisimama hatua mbili mbele yako hauoni.

Umeomba wembe mmoja, nami nitakutajia viwili kwa mpangilio, ila vyote viwili visubiri kwanza.

Shingo iliyokwisha kuwa fenesi hainyoleki kwa wembe wowote duniani. Kila unapopita unakata vichwa vya vipele, ndiyo maana ya damu kwenye kola. Inahitaji mapumziko ya wiki 4 hivi bila wembe. Wiki ya kwanza utaona kama mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu nywele fupi bado zinachoma. Vumilia. Zikirefuka zinajifyatua zenyewe kutoka kwenye ngozi kama upinde uliolegezwa kamba. Asubuhi na jioni weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu kwa dakika 5, kisha chukua mswaki mpya wenye brashi laini, uzungushe taratibu juu ya ndevu, bila kukwaruza. Unazichokonoa ncha zitoke. Ukiona unywele umetengeneza kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, ncha iwe nje, basi. Usiung'oe kwa kibano. Najua raha yake, lakini ukiung'oa, mpya utaota kutoka ndani kabisa ukiwa na ncha, na utatoboa kabla hujauona.

Najua utaniuliza, na msimamizi je? Hapa nakuomba usione haya. Nenda kituo cha afya, mwoneshe daktari hiyo shingo, mwombe barua fupi inayosema usinyoe kwa wembe kwa muda huo na kwamba ndevu zipunguzwe kwa mashine. Mpelekee msimamizi kwa heshima, ukiwa peke yako naye, si mbele ya paredi. Mwambie kuwa jeshi la Marekani, lenye ukali wote wa sare, kwa miaka mingi, kabla ya kukaza masharti mwaka 2025, liliwapa askari wenye vipele hivi ruhusa ya daktari ya kubaki na ndevu fupi. Kumkata kijana posho yake kwa sababu ya namna unywele wake ulivyoumbwa si haki, na ninaandika hivi nikijua wasimamizi nao wanasoma ukurasa huu.

Baada ya mapumziko, chaguo langu la kwanza kwako ni mashine ndogo ya umeme ya kuchonga ndevu, zile za kuchaji. Ukiitumia bila chanuo lake inaacha karibu milimita 1 au pungufu. Kwa askari wa lindo huo ni uso safi. Usiikandamize ngozini na usivute ngozi kwa mkono wa pili. Wengi wananunua mashine nzuri halafu wanaifanya wembe kwa kuikandamiza. Iwe yako peke yako, na brashi yake uitumie kila mara kuondoa mabaki.

La pili, kama kazi inalazimisha wembe, ni mashine ya chuma ya kuchomeka kiwembe kimoja, ile ya babu zetu, yenye mpini mfupi na kichwa kinachofunguka. Viwembe vyake unauziwa kwenye kipaketi cha karatasi cha vitano duka lolote. Kina ukingo mmoja tu unaogusa ngozi kwa wakati, hakivuti unywele kabla ya kuukata, na ule uzio wa chuma unakuzuia usizame. Usipoipata, wembe wa plastiki wenye ukingo mmoja, si miwili, utakusogeza. Kiwembe kitupu kwa mkono acha leo hii. Mimi ni kinyozi na sijinyoi hivyo, kwa sababu hakuna jicho linaloweza kuona pembe ya wembe chini ya kidevu chake mwenyewe.

Nyoa baada ya kuoga, kamwe usinyoe kabla. Unywele ukinywa maji ya moto unavimba na kulainika. Ukiwa mkavu unapambana na chuma, na usidhani chuma kinashinda daima. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walitazama nyembe kwa hadubini wakaona kuwa, ingawa chuma cha wembe ni kigumu mara 50 kuliko unywele, unywele unaweza kuumega ukingo wake. Fundi wangu, mzee wa Pangani ambaye hakuwahi kuona hadubini, alikuwa akilijua hilo kwa sikio. Kiwembe kizima kinatoa mlio mkavu, kama mtu anayekuna nazi nyumba ya tatu. Kilichochoka kinanyamaza na kuanza kuvuta. Kikinyamaza, alikuwa anakitupa hata kama kimenyoa watu wawili tu.

Sabuni ya mche iache kwenye nguo. Inanyonya mafuta yote ya ngozi. Nunua krimu ya kunyolea isiyo na manukato makali, ipake, halafu ngoja dakika 2 au 3 ukifanya kazi nyingine, fua soksi ukipenda. Ndipo ujue mlalo wa ndevu zako. Hili watu wengi hawalijui mpaka wanazeeka. Kwenye mashavu nywele zinalala kwenda chini, lakini shingoni zinaweza kulala kwenda juu, kwenda pembeni, na wengine wana kizungu, duara zima karibu na koromeo. Chukua kipande kidogo cha pamba ukipitishe shingoni kikavu kila upande. Kinapoteleza, unafuata mlalo. Kinaponasa na kuacha nyuzi, unakwenda kinyume. Ukishajua, nyoa kwa kufuata mlalo tu, mapigo mafupi, uzito wa mashine yenyewe ndio nguvu, na kichwa cha mashine kiinamishe kama nyuzi 30 kutoka ngozini. Suuza baada ya kila mapigo mawili matatu. Pita mara moja. Pale utakapotamani kurudia kinyume ili pawe laini, ndipo hapo hapo kipele cha wiki ijayo kinapopandwa.

Ukimaliza, maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa, kisha gliserini iliyozimuliwa kwa maji au losheni isiyo na harufu. Limao usirudie. Likibaki kwenye ngozi ukasimama juani lindo la mchana, linaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi mabaya kuliko haya. Dawa ya meno ni ya meno. Spiriti ni ya kusafishia wembe na sindano. Shingo iliyotoka kukwanguliwa ukiimwagia spiriti unaikausha na kuiwasha moto bure.

Kwa ndevu ngumu kama zetu mimi nabadilisha kiwembe baada ya kunyoa mara 3, nikijitahidi sana mara 4. Za plastiki, madaktari wa ngozi wa Marekani wanashauri kutupa baada ya kunyoa mara 5 hadi 7. Mashine usiiache bafuni ikiwa imelowa, maana kwetu pwani kutu haingoji. Ifungue, ikung'ute, iache ikauke penye hewa. Viwembe vilivyokwisha viweke kwenye kopo la maziwa lililotobolewa mpasuo juu. Mkono wa kijana anayezoa taka nao ni mkono.

Na kama baada ya wiki 4 bado vipele vina usaha mwingi, vina joto au vinakuwa vinundu vigumu, rudi kwa daktari. Hapo wembe hauna kosa tena.

*Mzee, mume wangu ana vipele vya ndevu. Mwaka jana alianza kupaka krimu yangu ya kutakatisha. Vipele vilizama ndani ya wiki moja, akafurahi sana. Sasa mashavu yamekuwa mekundu, yanang'aa, vinatoka vidogo vingi, na akiacha krimu siku mbili uso unawaka. Arudie krimu au abadilishe wembe? – Mama Wawili, Arusha*

Mwanangu, leta hiyo krimu usome maandishi madogo nyuma. Ukikuta neno betamethasone au clobetasol, au ukikuta haijaandikwa kitu chochote cha maana, umepata jibu. Hizo ni steroidi. Zinazima uvimbe haraka, ndiyo maana alifurahi, lakini unywele bado uko ndani unachoma. Zikipakwa usoni miezi mingi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinatoka vipele vyake vyenyewe, na ngozi inazizoea hata ikikosa inawaka kama unavyoeleza. Wembe hapo hauhusiki hata kidogo, na asinyoe kabisa kwa sasa.

Usimwambie tu "acha", kwa sababu uso ukiwaka atarudia, na si kwa ukaidi. Anahitaji mtu wa kumsimamia akiiacha. Ninyi wa Arusha mko karibu na Moshi, na pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Nendeni naye pamoja, na mbebe kopo la krimu. Usimlaumu mbele ya daktari. Na wewe, kama bado unaipaka, mwambie daktari akuangalie siku hiyo hiyo.

*Shikamoo fundi. Nimefungua saluni miezi 8 iliyopita. Nina wateja watatu wenye vinundu kisogoni, wanataka niwachonge kwa wembe pawe safi. Damu ikitoka napitisha jiwe la shabu na inakata vizuri. Je, nafanya sawa? – Kinyozi Mdogo, Muheza*

Marahaba, jirani. Umeuliza mapema, na nimefurahi kwamba umeuliza.

Vile vinundu vya kisogoni usivichonge. Ni ndugu wa vipele vya ndevu, lakini vina tabia ya kugeuka makovu magumu, na mwisho vinaungana kuwa uvimbe mmoja usioota nywele. Kila unapopita na wembe unaviongezea. Kwa wateja hao watatu tumia mashine, acha nywele fupi, na mstari wa kisogo usiuchore. Mteja atanung'unika. Mwambie ukweli na umpunguzie bei siku hiyo ikibidi. Angalia pia kola za mashati yao. Kola ngumu inayosugua kisogo kutwa inafanya kazi ile ile ya wembe.

Kiwembe, bila shaka unafungua kipya mbele ya macho ya kila mteja. Ila shabu, mwanangu, imenishtua. Jiwe moja linapita kwenye damu ya mtu huyu, linawekwa mezani, linapita kwenye damu ya mwingine. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Mimi pia nililitumia jiwe miaka mingi, sote tulilitumia, na sijui nimembebesha nani nini. Hilo huwa linanirudia usiku.

Lile jiwe ulilonalo litupe. Nunua jingine, litwange liwe unga, weka kwenye chupa yenye kifuniko. Mteja akichubuka, mimina unga kidogo kwenye kipande cha pamba kilicholoweshwa, gusa pale pale penye damu tu, usisambaze kisogo chote kwa sababu shabu inakausha, kisha pamba itupe akiwa anaiona. Mwingine akija, pamba nyingine. Jumatatu saluni yangu imefungwa lakini mimi nakuwepo. Panda basi uje, nitakuonesha mlalo wa kisogo kwa kichwa cha mjukuu wangu, ameshakubali.